Sukani za Ndege Ndogo ya Zamani: Nyenzo Hutangulia Redio

Tarehe 23 Agosti 1947, katika uwanja wa Woodford nchini Uingereza, ndege ya abiria ya aina ya Avro Tudor iliyokuwa katika majaribio ilianguka mara tu baada ya kupaa. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Roy Chadwick, mhandisi aliyebuni Lancaster, ndege mashuhuri ya kudondoshea mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilikuja kujulikana kwamba nyaya za vibawa vya kuilaza ndege ubavu zilikuwa zimeunganishwa kinyume wakati wa matengenezo. Kadiri rubani alivyojitahidi kuliinua bawa lililoinama, ndivyo alivyozidi kuliinamisha. Kosa hilo lilikuwako ndege ingali chini, na mtu mmoja aliyesimama nyuma ya bawa angeweza kuliona kwa macho yake.

Kosa la namna hii huwapata pia wale warushao ndege ndogo za mfano ziongozwazo kwa redio. Rubani wa ndege hizo husimama ardhini, kwa hiyo yeye mwenyewe aghalabu husalimika. Lakini si haki kusema kwamba hapana hatari. Ndege ya kilo 2.5 iendayo kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa ina nishati ya jouli 780 hivi. Nishati hiyo ni sawa na ile ya mzigo wa kilo 80 uliodondoka kutoka urefu wa mita moja. Mtu aliyesimama kando ya uwanja hana kinga dhidi ya pigo kama hilo.

Siku hizi wako wapenzi wengi wa kazi hii wanaofufua ndege zilizochorwa kati ya miaka ya 1950 na 1970. Wengine huzitoa ghalani zilikolala kwa miongo mingi. Wengine huziunda upya kwa kufuata michoro ya zamani. Aghalabu ndani yake hutiwa redio ya kisasa, yenye kumbukumbu na swichi za kugeuza na kupunguza mwendo wa kila usukani. Hapo ndipo mtego ulipo. Mwenye ndege hushawishika kuamini kwamba redio itasahihisha kila kilichokosewa kwa mikono. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini sivyo, na jinsi sukani za ndege ya zamani zinavyowekwa sawa kwa utaratibu unaotegemea elimu ya nyenzo, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huisoma.

SUKANI TATU NA KAZI ZAKE

Ndege huongozwa kwa kupindua upepo unaopita juu ya sehemu zake zinazochezacheza. Sehemu hizo ni tatu. Ya kwanza ni usukani wa wima, uliofungwa nyuma ya pezi la mkia, ambao huelekeza pua kushoto au kulia kama usukani wa jahazi. Ya pili ni usukani wa mlalo, uliofungwa nyuma ya bawa dogo la mkiani, ambao huinua pua au kuiteremsha. Ya tatu ni vibawa viwili vilivyofungwa katika ukingo wa nyuma wa mabawa makubwa; kimoja kinapopanda, cha pili hushuka, na ndege hulala ubavu. Neno la Kifaransa linalotumika kwa sehemu hii katika lugha nyingi lina maana hiyo hiyo ya kibawa, nasi hapa tutaliita hivyo.

Ndani ya kiwiliwili cha ndege mna sevo, yaani mota ndogo yenye gia na mkono unaozunguka. Mkono wa sevo huunganishwa na ufito mrefu; ufito huunganishwa na kipembe, yaani kijipembe cha plastiki au chuma kilichosimama juu ya usukani. Sevo ikizunguka, ufito husukumwa au kuvutwa, na usukani hugeuka juu ya bawaba zake. Mpango mzima huo ni nyenzo mbili zilizounganishwa kwa fimbo: wa kwanza ni mkono wa sevo, wa pili ni kipembe.

TULIKOTOKA

Mwaka 1937 ndugu pacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha huko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, ndege waliyoiita Guff. Ilikuwa miongoni mwa ndege ndogo za kwanza duniani kuongozwa kwa redio na kufanikiwa, na sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Katika ndege nyingi za miaka iliyofuata, redio haikuwa na nguvu ya kuusukuma usukani. Kazi yake ilikuwa kufungua komeo tu. Nguvu ya kuusogeza usukani ilitoka katika mpira uliosokotwa.

Katika miaka ya 1950 ikaenea mitambo yenye vibanzi vyembamba vya chuma, kila kibanzi kikitetemeka kwa sauti yake maalumu. Sauti ilipopokewa, kibanzi chake kilitetemeka, kikagusa waya, na mota ya usukani ikazunguka. Hapakuwa na amri ya nusu: usukani ulikwenda mpaka mwisho wake, au ulirudi katikati. Rubani alilazimika kubonyeza swichi kwa vipindi vifupi vifupi ili apate mwendo mdogo. Hii ndiyo sababu mtu atumiaye mchoro wa enzi hizo yampasa aangalie kwa makini vipimo vya mwendo wa sukani vilivyoandikwa humo, kwani viliwekwa kwa ajili ya mtambo usiojua wastani.

Miaka ya 1960 ilileta mitambo ya uwiano. Sasa usukani uliweza kufuata mkono wa rubani, kidogo kwa kidogo na kikubwa kwa kikubwa. Ishara yake ni mapigo mafupi ya umeme, yanayorudiwa takriban mara 50 katika kila sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 huamuru sevo ikae katikati. Likifupika kuelekea milisekunde moja, sevo huzunguka upande mmoja, na likirefuka kuelekea milisekunde mbili, huzunguka upande wa pili. Lugha hiyo haikubadilika sana, na ndiyo sababu sevo ya kisasa huweza kutiwa ndani ya ndege ya mwaka 1965 bila taabu.

Kilichobadilika ni transmita. Fundi wa zamani hakuwa na swichi ya kugeuza upande wa sevo. Kama usukani ulikwenda kinyume, alihamisha ufito upande wa pili wa mkono wa sevo, au alihamisha kipembe kutoka juu ya usukani kwenda chini yake, au alitafuta sevo iliyotengenezwa izunguke upande mwingine. Kama mwendo ulizidi, alihamisha ufito kwenye tundu jingine. Kwa ufupi, programu yake yote ilikuwa matundu na vipimo. Hali hiyo ya uhaba ilimfunza kazi nzuri.

KWANZA, MWILI WA NDEGE

Kabla ya kugusa sukani, hapana budi kuhakikisha kwamba mwili wa ndege umenyooka. Ndege za zamani ziliundwa kwa mbao nyepesi za balsa, zikafunikwa kwa hariri au karatasi maalumu na kupakwa vanishi ikazayo kitambaa. Vanishi hiyo huendelea kukaza kwa miaka mingi, na bawa lililohifadhiwa vibaya hupindika. Bawa liwekwe juu ya meza iliyo sawa, kisha litazamwe kutoka nyuma. Ikiwa ncha moja imejipinda kuliko ya pili, ndege italala upande mmoja daima.

Mtu asiye na subira hulirekebisha kosa hilo kwa kusogeza kibawa kimoja. Jambo hili halifai. Nguvu za upepo juu ya bawa lililopindika hukua au kupungua pamoja na kasi, wala hazipungui sawasawa na zile za kibawa. Basi ndege iliyonyooka katika kasi moja italala ubavu katika kasi nyingine, na aghalabu hilo hutokea wakati wa kutua. Dawa yake ni kulinyosha bawa lenyewe kwa joto na kulishikilia mpaka lipoe.

Jambo la pili ni kitovu cha uzito. Katika ndege nyingi za aina hii kitovu hicho huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kupimwa kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa lenye upana wa milimita 300, hiyo ni kati ya milimita 75 na 100. Ndege yenye uzito nyuma mno hufuata usukani wa mlalo kwa pupa isiyotawalika, na hapana mpango wa sukani utakaoiponya.

BAWABA

Bawaba za zamani zilikuwa za namna kadha wa kadha: uzi ulioshonwa kwa kupishana, vipande vya kitambaa, au bawaba za nailoni zenye pini. Nailoni iliyokaa miaka 40 huweza kuwa kavu na yenye kuvunjika ghafula, na gundi ya zamani huachia mbao bila kuonyesha dalili kwa nje. Kila bawaba ivutwe kwa mkono, moja moja, kwa nguvu ya kutosha kuleta shaka. Iliyo dhaifu ni heri ing'oke mezani.

Bawaba zote za usukani mmoja lazima ziwe katika mstari mmoja ulionyooka. Moja ikipanda au kushuka kwa milimita moja tu, usukani utakuwa mzito, na sevo itatumia umeme mwingi kushindana na mbao badala ya kushindana na upepo. Kadhalika, nafasi iliyo kati ya usukani na bawa iwe nyembamba kadiri iwezekanavyo. Hewa huvuja katika nafasi hiyo kutoka upande wenye kanieneo kubwa kwenda upande wenye kanieneo ndogo, na kazi ya usukani hupungua. Wengine huiziba kwa utepe mwembamba wa plastiki, jambo ambalo ni jema maadamu usukani unaendelea kucheza kwa wepesi.

HESABU YA NYENZO MBILI

Sasa tumefika katika kiini cha maelezo yetu. Tuchukue usukani wa mlalo wenye upana wa milimita 40, kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma. Tuseme tunataka ukingo huo upande na kushuka kwa milimita 11 hivi. Sevo yetu huzunguka digrii 45 kila upande, na ina nguvu ya kuzungusha ya kilogramu-sentimita 3.

Fundi wa kwanza anafunga ufito katika tundu lililo milimita 10 kutoka katikati ya sevo, na katika tundu la kipembe lililo milimita 25 kutoka kwenye bawaba. Sevo ikizunguka digrii 45, ufito utasogea milimita 7. Usukani utageuka digrii 16, na ukingo wake utasogea milimita 11. Vipimo vimetimia.

Fundi wa pili anafunga ufito katika tundu la milimita 20 kwenye sevo, na kipembe ni kile kile cha milimita 25. Sasa sevo ikizunguka digrii 45, ukingo wa usukani utasogea karibu milimita 23, yaani mara mbili ya kinachotakiwa. Haoni shida, anabonyeza vitufe vya transmita yake mpya na kuipunguza sevo mpaka izunguke digrii 21 tu. Ukingo unasogea milimita 11. Ukizitazama ndege mbili hizo mezani, hutaona tofauti yoyote.

Lakini tofauti ipo, tena ni kubwa. Sevo ya fundi wa kwanza husukuma ufito kwa kani ya kilogramu 3, na kani hiyo juu ya kipembe cha sentimita 2.5 hutoa kilogramu-sentimita 7.5 za kuugeuza usukani. Ya fundi wa pili husukuma kwa kilogramu 1.5, na usukani wake hupata kilogramu-sentimita 3.75 tu. Amenunua sevo ya nguvu moja, akaigeuza kuwa ya nusu. Ndege itakaposhuka kwa kasi na upepo kuubana usukani wake, ndipo atakapoijua nusu aliyoipoteza.

Si hilo tu. Gia za kila sevo zina ulegevu kidogo. Tuseme ulegevu huo ni wa digrii moja. Kwa fundi wa kwanza, digrii hiyo huufanya ukingo wa usukani ucheze milimita 0.28, kwa fundi wa pili, hucheza milimita 0.56. Tena transmita ya kisasa hugawanya mwendo wa sevo katika hatua nyingi ndogo ndogo. Aliyeipunguzia sevo mwendo hadi chini ya nusu amezitupa zaidi ya nusu ya hatua hizo, na usukani wake hufuata kijiti kwa ukali usio na ulaini.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ambayo mafundi wa zamani waliifuata kwa kukosa njia nyingine: mkono wa sevo uwe mfupi, kipembe kiwe kirefu, na sevo iachwe izunguke mwendo wake wote. Swichi za kupunguza ni za kumalizia kazi, si za kuianzia.

Ama vipimo vyenyewe, mchoro wa asili ndio wa kutangulizwa. Pasipo mchoro, ndege ya mazoezi yenye mabawa ya sentimita 150 hivi huweza kuanzia na milimita 8 hadi 10 kila upande kwa vibawa, milimita 10 hadi 12 kwa usukani wa mlalo, na milimita 20 hadi 25 kwa usukani wa wima.

KATIKATI ILIYO KWELI

Sukani hupangwa kuanzia katikati. Washa transmita, kisha kipokezi. Virekebishi vyote vidogo vya transmita viwe katikati, na vijiti viachwe. Ndipo mkono wa sevo ufungwe, ukiwa umefanya pembemraba na ufito. Meno ya sevo yakikataa kuufikisha mkono hapo, jaribu mkono mwingine au ugeuze nusu duara. Aghalabu mmojawapo utakubali.

Kwenye usukani, tundu la kipembe liwe juu ya mstari wa bawaba kabisa, lisiwe mbele wala nyuma yake. Likikaa nyuma ya mstari huo, ufito na kipembe havifanyi pembemraba, na usukani utakwenda zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Mwisho, kishikizo cha uma kilicho katika ncha ya ufito kizungushwe katika hesi zake mpaka usukani ulingane na bawa. Hivyo katikati inapatikana kwa chuma na hesi, na kirekebishi cha transmita kinabaki na nafasi yake yote kwa ajili ya angani.

FITO NA JUA

Ufito una adui wawili. Wa kwanza ni kupinda. Waya mwembamba ukivutwa haupindi, lakini ukisukumwa hujikunja katikati kama ufito wa mvuvi, na amri ya rubani hupotea njiani. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walitumia kijiti kinene cha balsa au mbao ngumu, na kutia waya katika ncha zake tu. Panapowezekana, usukani wa mlalo upangwe ili amri ya kuinua pua iwe ya kuvuta. Kuinua pua wakati ndege inashuka kwa kasi ndiyo amri isiyostahili kupotea.

Adui wa pili ni joto. Fito nyingi za zamani zilikuwa mirija ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine. Nailoni hutanuka takriban mara sita au saba zaidi ya chuma. Mrija wa sentimita 80 uliopangwa asubuhi, kisha ndege ikakaa juani hadi joto lake likazidi kwa digrii 20 za selsiasi, hurefuka kwa milimita 1.3 hivi. Juu ya kipembe cha milimita 25, usukani unakuwa umegeuka karibu digrii 3 bila ya mtu yeyote kuugusa. Waya wa chuma wa urefu huo huo hungerefuka hata robo ya milimita. Mwenye kurusha katika nchi za jua kali yampasa atumie fito za mbao au chuma, au aiweke ndege kivulini na kuzitazama sukani tena kila kabla ya kuruka.

Liko pia jambo dogo la kihistoria lenye faida. Kishikizo cha chuma kikicheza juu ya kipembe cha chuma huzalisha cheche ndogo ndogo zisizoonekana na kelele ya umeme. Redio za masafa ya megahezi 27, 35 au 72 zilisumbuliwa na kelele hiyo, na ndiyo maana vipembe vya nailoni vilipendwa. Anayetumia bado redio ya enzi hizo akumbuke kwamba chuma kisisuguane na chuma.

VIBAWA VISIVYOKWENDA SAWA

Kibawa kinaposhuka, bawa lake hupata kani kubwa zaidi ya kuliinua. Lakini pamoja na kani hiyo huja ukinzani mkubwa zaidi wa hewa, unaolivuta bawa hilo nyuma. Basi rubani anataka kupinda kulia, bawa la kushoto linapanda, na papo hapo linavutwa nyuma, na pua inageukia kushoto. Ndege zenye mabawa ya juu na tumbo la bawa lililo bapa huathirika sana na tabia hii, hasa zinapokwenda polepole.

Ndege kubwa zilipata dawa zamani. Katika Tiger Moth, ndege ya mafunzo iliyotengenezwa na kiwanda cha de Havilland cha Uingereza, kibawa hupanda sana na hushuka kidogo tu. Fundi wa ndege ndogo huipata hali hiyo bila redio yenye akili, kwa kuhamisha tundu katika gurudumu la sevo. Tundu likiwa milimita 10 kutoka katikati na kufanya pembemraba na ufito, gurudumu likizunguka digrii 45 ufito husogea milimita 7 kila upande. Likihamishwa digrii 30 kuelekea mbele, mzunguko ule ule hutoa milimita 4.7 upande mmoja na 7.6 upande wa pili. Kilichobaki ni kuchagua ili mwendo mrefu uwe wa kupanda.

Si kila ndege huhitaji dawa hiyo. Phil Kraft wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 1967, alichora katika miaka ya 1960 ndege iitwayo Ugly Stik, yenye vibawa virefu vilivyoenea ukingo wote wa nyuma wa mabawa na umbo la bawa linalolingana juu na chini. Ndege ya namna hiyo, iliyokusudiwa kuruka hata kichwa chini, huridhika na vibawa vyenye mwendo ulio sawa.

MPAPATIKO

Hatari kuu ya ulegevu ni mpapatiko. Usukani uliolegea husukumwa na upepo upande mmoja. Uzito wake huupitisha mahali pake. Upepo huukamata na kuurudisha. Nao hupita tena. Ndege ikienda polepole, mtetemo huo hufifia. Ikifikia kasi fulani, kila pigo huongeza nishati badala ya kuipunguza, na katika muda mfupi sana usukani hung'oa bawaba zake, na wakati mwingine huchukua na mkia wenyewe. Wasimamao uwanjani husikia mvumo mkali, kisha huona vipande.

Shika mkono wa sevo kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono mwingine utikise ukingo wa usukani. Ukicheza zaidi ya milimita moja hivi, ndege isiruke. Tafuta kilicholegea: tundu la kipembe lililoliwa, kishikizo kilichochoka, sevo isiyokazwa katika ubao wake. Usukani uwe mwepesi na mgumu, na usizidishiwe rangi, kwa kuwa kila gramu nyuma ya bawaba huongeza hatari hiyo.

UKAGUZI WA MWISHO

Simama nyuma ya ndege, pua ikiwa imeelekea mbele yako. Sukuma kijiti cha vibawa kulia: kibawa cha kulia kipande, cha kushoto kishuke. Vuta kijiti cha mlalo kuelekea kwako: usukani wa mlalo upande. Peleka kijiti cha wima kulia: usukani wa wima uende kulia. Sema kwa sauti kile unachokiona, si kile unachokitarajia. Jicho lililozoea huona lililotazamia kuliona. Na ni heri mtu wa pili asiyeijua ndege hiyo afanye ukaguzi uo huo baada yako. Rudia injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa mtikisiko hufichua kilicholegea.

Ndege irushwe mahali palipo wazi, mbali na watu, na kwa kufuata masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi. Ikiisha kupaa na kufikia urefu wa salama, rubani huirekebisha kwa virekebishi mpaka iende sawa vijiti vikiwa vimeachwa. Akishatua, kazi haijesha. Apime usukani ulivyokaa, arudishe kirekebishi katikati, kisha azungushe kishikizo cha uma mpaka usukani urudi pale pale ulipokuwa. Hapo ndege yenyewe ndiyo inayokumbuka, wala si transmita. Na hata redio ikibadilishwa kesho, ndege itaruka sawa.

Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa nyenzo unaoonekana kwa macho aweza kuutengeneza kwa ubao, vijiti viwili vya mbao, waya na kipimapembe. Hesabu zote zilizotolewa hapa zitathibitika mbele ya darasa kwa saa moja. Na mwenye ndege ya zamani ajue kwamba mambo mengi yatakayoipata angani yamekwisha kuamuliwa mezani. Huko Woodford mwaka 1947 ujuzi haukukosekana, wala vyombo. Kilichokosekana ni dakika moja ya kusimama nyuma ya bawa na kutazama.